Benchi la Nje ya Duka

Saa kumi na mbili jioni pale Choma, wilaya ya Igunga mkoani Tabora, vumbi la ng'ombe wanaorudi zizini bado halijatua. Binti wa darasa la tatu ametumwa chumvi. Sarafu ya mia tano ameifumbata kiganjani, anatembea upesi kwa sababu mboga iko motoni. Mbele ya duka kuna benchi la mbao, na kwenye benchi wamekaa wanaume wanne, kila mmoja na chupa yake. Binti amelelewa vizuri. Hawezi kuwapita watu wazima bila kuwaamkia, kwa hiyo anapiga magoti mchangani, kama wasichana wa Kinyamwezi na Kisukuma wanavyofundishwa tangu wadogo, anasema, "Mwadila." Wanaitikia. Mmoja anaitikia kama baba yeyote. Mwingine ulimi umeshakuwa mzito. Anataka kujua huyu ni mtoto wa nani, anamshika mkono asubiri wakati yeye anaukumbuka ukoo.

Nimeliona jambo hili mara nyingi, Choma na kwingineko katika njia za Igunga, Nzega na Shinyanga, na kila nikiliona najiuliza swali lilelile. Mtoto huyu yuko dukani, au yuko baa?

Sheria inalo jibu. Sheria ya Vileo Na. 28 ya mwaka 1968, ambayo sasa ni Sura ya 77 ya sheria za nchi, haimpi mtu ruhusa ya kuuza pombe kwa ujumla tu. Inampa leseni ya aina fulani, kwa jengo fulani, kwa muda fulani. Iko ya hoteli, ya mgahawa, ya klabu ya wanachama, ya jumla, na iko ya muda kwa shughuli maalumu, kama mtu anayetaka kuweka turubai lake la vinywaji kwenye mkusanyiko. Kwa muuzaji wa rejareja mgawanyo mkubwa ni mmoja: kuna leseni ya kinywaji kinachonywewa papo hapo, na kuna leseni ya kinywaji kinachoondoka na mnunuzi. Mwenye ile ya kwanza ana baa. Mwenye hii ya pili ana duka. Anakupa chupa ikiwa na kizibo chake, unalipa, unakwenda zako.

Sasa itazame kaunta ya duka lenye benchi. Kuna mizani, kuna boksi la kiberiti, kuna daftari la madeni, na ubavuni kuna opena iliyofungwa kwa kamba isipotee. Opena hiyo ni ushahidi tosha. Chupa iliyofunguliwa juu ya kaunta haikuuzwa ili iondoke.

Lugha yenyewe imeshakiri. Grosari ni neno lililotufikia likiwa na maana ya duka la vyakula. Leo mwambie mtu wa Tabora, wa Dodoma au wa Dar es Salaam kwamba shemeji yake yuko grosari, hatadhani amekwenda kununua mchele. Duka na baa vimeingiliana mpaka neno likahama, na hakuna aliyeshtuka.

Nataka kumtendea haki mwenye duka, kwa sababu benchi halikuletwa na uovu wake. Limeletwa na chupa. Bia nyingi tunazokunywa ziko kwenye chupa ya kioo ya kurudishwa kiwandani. Mwenye duka akipeleka kreti, lazima iwe na chupa tupu zake zote, la sivyo anazilipia. Kwa hiyo mteja anayetaka kuondoka na bia aje na chupa tupu, au aache pesa ya chupa. Mkulima aliyetoka kuuza pamba hatembei na chupa tupu. Rahisi kwa wote wawili ni kwamba anywe palepale na chupa ibaki. Kisha kuna friji. Watu wenye friji nyumbani ni wachache, na anayeitaka ya baridi lazima ainywe karibu na inakotoka. Mtu hawezi kunywa chupa nzima amesimama mlangoni kama anayengoja basi, kwa hiyo siku moja anatolewa kigoda, siku nyingine zinapigiliwa mbao mbili. Na sukari inaacha faida ndogo sana kwa kilo. Bia ndiyo inayolipa kodi ya pango. Haya yote nayajua, na bado nasema benchi haliko mahali pake.

Liko nje ya sheria kwa sababu baa ni mahali palipokaguliwa pawe baa. Mwombaji anajaza fomu, maombi yake yanapita kwenye kamati ya maendeleo ya kata, afisa afya anakwenda kuona jengo, polisi wanatoa maoni yao, ndipo mamlaka ya leseni ya wilaya inaamua. Afisa afya hatazami kuta tu. Anatazama choo. Duka la chumvi halihitaji choo cha wateja, maana mteja wake anakaa dakika mbili. Wanaume wanne wanaokunywa tangu saa kumi wanahitaji choo, na kisipokuwepo wanakwenda nyuma ya ukuta, na nyuma ya ukuta huo kuna uwanja wa jirani na ndoo za maji. Wanawake wa jirani ndio wanaoijua adha hiyo. Ni wachache kati yao niliowahi kusikia wakiulizwa.

Liko nje ya sheria kwa ajili ya mtoto pia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 17, inamtaka mwenye baa ahakikishe mtoto haingii humo, na inakataza mtu yeyote kumuuzia mtoto kileo au sigara. Mtoto kwa sheria hiyo ni aliye chini ya miaka 18. Ukilisoma katazo hilo ukiwa mjini unaona picha ya mlango wenye mlinzi. Choma mlango ni mmoja. Chumvi, madaftari, mafuta ya taa, dawa ya mbu na bia viko rafu moja, na mzazi anayemtuma mwanawe hana duka jingine la karibu. Mwenye duka akitaka kuitii sheria ya mtoto huku benchi lipo, inabidi amfukuze binti aliyetumwa chumvi. Lakini aliyekuwa na haki ya kuwa pale tangu mwanzo ni binti.

Wenzetu wa Kenya walijaribu kulifunga jambo hili kwa vipimo. Sheria yao ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo watu waliiita Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha aliyeipeleka bungeni, iliweka mita 300 kati ya mahali pa kuuzia pombe na shule, na baa za kawaida zikafungwa mpaka saa kumi na moja jioni siku za kazi, saa nane mchana mwisho wa wiki, mwisho saa tano usiku. Vipimo vinasaidia penye mtu wa kupima. Ila mita 300 hazimwondoi mtoto aliyetumwa. Yeye hakutoka shuleni, ametoka nyumbani, na ametumwa na mama yake.

Kusimamia pombe katika nchi hii ni jambo la zamani kuliko nchi yenyewe. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulichora mstari kuzunguka Afrika ya kati, kutoka nyuzi 20 kaskazini hadi 22 kusini, na Tabora ikawa ndani ya eneo ambalo pombe kali kutoka Ulaya ilikatazwa au kutozwa ushuru. Uingereza ilipokabidhiwa Tanganyika mwaka 1922, hati ya dhamana iliitaka isimamie kwa ukali biashara ya silaha na ya pombe kali, vitu viwili katika sentensi moja. Mwafrika hakuruhusiwa kununua pombe kali ya kiwandani, na pombe yake mwenyewe, ikitengenezwa ya kuuza mjini, ilitakiwa inywewe kilabuni, panapoonekana na askari na panapokusanya ada. Ilikuwa sheria ya kumchunga mtu kwa rangi yake. Sheria ya 1968 haiulizi rangi. Inauliza mahali, saa na mwenye dhamana, na hayo ni maswali ya haki ambayo nchi huru inaweza kumuuliza mtu wake.

Inamuuliza pia mama anayepika wanzuki, pombe ya asali. Tabora ni nchi ya asali, na wanzuki imechukua jina lake kwa nyuki, nzuki. Pombe za kienyeji nazo zina leseni yake. Kilichokatazwa ni gongo, ambayo ina sheria yake ya mwaka 1966 na imeua na kupofusha watu wa kutosha. Mara nyingi naona operesheni ikianzia kwenye mtungi wa mama huyo, ambao unaonekana kwa urahisi na hauna wa kuutetea, na kuishia kabla ya kufika kwenye friji ya duka la barabarani. Kama sheria ni moja, ianze popote lakini ifike kote.

Kwamba duka linaweza kubadilika tumeshaona. Tarehe 1 Machi 2017 viroba vilipigwa marufuku, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali vilivyokuwa vikining'inia juu ya kaunta kama pipi, kwa bei ambayo mwanafunzi aliweza kuimudu na kwa ukubwa ulioingia mfuko wa sare ya shule. Wengi walisema haiwezekani. Rafu zilibadilika, maduka yakaendelea kuuza sukari. Tangu mwaka 2019 bia, mvinyo na pombe kali zinabeba stempu ya kielektroniki ya kodi, na mwenye simu anaweza kuihakiki stempu hiyo dukani kwa programu ya Hakiki Stempu. Serikali imejua kuifuata chupa moja moja kutoka kiwandani mpaka kwenye rafu. Hatua tatu kutoka kwenye rafu hadi kwenye benchi ndizo hazina anayezifuata.

Hapa linakuja neno ambalo watu wa njia ya Tabora wanalijua kwa undani. Wakati wa misafara, kabla na baada ya wapelelezi Burton na Speke kufika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, mfanyabiashara alilipa hongo ili apite katika nchi ya mtu, na Ugogo ndiko ilikokuwa nzito zaidi: nguo, shanga, waya wa shaba. Ilitolewa mchana, ikajadiliwa mbele za watu, na aliyeipokea alikuwa mtawala wa mahali hapo. Ilikuwa ada. Leo neno ni lilelile na maana imeoza. Ada halali ya leseni ya kileo inaingia halmashauri, ni chanzo cha mapato kinachotambuliwa na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1982, ina namba ya malipo na ina risiti. Anayepita jioni akapewa mbili za baridi na "nauli" hana risiti. Hiyo ya pili ndiyo inayolilinda benchi, na kila mtu aliyekaa pale anajua anayepita ni nani na anapita siku gani.

Kwa hiyo nawasihi watu wa Choma, na wa kata zote zinazofanana nayo, walitumie daraja la chini kabisa la jambo hili, maana lipo. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, na sheria inautaka ukae walau kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo na kuzipeleka wilayani zithibitishwe. Sheria ndogo ya mistari miwili inatosha: duka linalouza mahitaji ya nyumbani lisiwe na kiti cha mnywaji wala chupa isifunguliwe kwenye kaunta yake, anayetaka baa ajenge chumba chenye mlango wake na choo chake, aombe leseni ya baa. Mwenye duka mwenye uwezo atajenga, na faida yake ataendelea kuipata. Asiye na uwezo, kijiji kimpe muda wa msimu mmoja wa pamba, na wateja wake waanze kuzoea kuja na chupa tupu. Nimeshawahi kuambiwa na mzee mmoja kwamba hili litaua maongezi ya jioni. Maongezi ya jioni ni kitu kizuri na nayapenda. Yanaweza kufanyika chini ya mti wowote wa Choma ambao mtoto hakutumwa kupita.

Leseni za vileo hutolewa kwa vipindi viwili, tarehe 1 Aprili hadi 30 Septemba, na tarehe 1 Oktoba hadi 31 Machi. Mara mbili kwa mwaka karatasi iliyobandikwa ukutani inakufa, na mara mbili kwa mwaka kamati ya kata inakaa, diwani kwenye kiti, mtendaji na kalamu, wenyeviti wa vijiji wakisikiliza majina yakisomwa. Kabla ya kikao kijacho naomba wajumbe wasitumie gari wala pikipiki. Watembee kwa miguu hadi kwenye kila duka lililo kwenye orodha, saa kumi na mbili jioni, wapige magoti pale mchangani mbele ya benchi ili macho yao yawe usawa wa macho ya mtoto wa darasa la tatu, waamkie, wangoje kuitikiwa, ndipo warudi wakaandike muhtasari.