Gari la Hospitali Lipo, la Klabuni Je?

Merrylands iko magharibi mwa Sydney, kama kilomita 25 kutoka katikati ya jiji, jirani na Parramatta. Ni mtaa wa wahamiaji, na familia nyingi asili yao ni Lebanoni na Afghanistani. Hapo pia ipo klabu ya RSL, jumuiya ya wanajeshi wastaafu iliyoasisiwa Australia mwaka 1916. Kwa askari aliyerudi kutoka vitani na mguu mmoja, au na uti wa mgongo uliovunjika, safari ya kutoka nyumbani hadi klabuni inaweza kuwa ngumu kuliko safari ya kwenda hospitali iliyo mbali mara kadhaa.

Sababu iko kwenye utaratibu wenyewe. Idara ya shirikisho inayohudumia wanajeshi wastaafu hugharamia safari za matibabu. Mwenye umri wa miaka 80 na zaidi, asiyeona, au mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kutafutiwa gari na dereva wa kumpeleka kwa daktari. Wengine hujisafirisha, kisha huomba kurejeshewa gharama. Hospitali ya Concord, iliyojengwa kwa ajili ya majeruhi wa Vita Kuu ya Pili, inafikika kwa mpango huo. Lakini mstaafu kwenda kucheza karata na wenzake, kununua mkate, au kumwona mjukuu? Huko si matibabu, na mpango huo haumhusu.

Upo pia mpango wa kumsaidia mstaafu kupata gari na kulifanyia marekebisho, kwa mfano kuhamishia breki na mafuta kwenye vidhibiti vya mkono. Masharti yake ni makali: walengwa ni watu kama waliokatwa miguu yote miwili juu ya goti au waliopooza kuanzia kiunoni kwenda chini. Aliyepoteza mguu mmoja tu, au ambaye mgongo unamuuma asiweze kusimama dakika kumi, anabaki na usafiri wa umma na teksi. Serikali ya jimbo la New South Wales humlipia mkazi mwenye ulemavu mkubwa wa kudumu nusu ya nauli ya teksi, kwa kikomo cha dola 60 kwa safari. Ni msaada wa kweli, tena huu hauulizi unakwenda wapi. Hata hivyo nusu iliyobaki ni ya abiria, kwenda na kurudi.

Sydney inamkumbuka vizuri Roden Cutler. Akiwa luteni wa mizinga mwaka 1941, alijeruhiwa vibaya karibu na Damour, katika Lebanoni hiyohiyo waliyotoka wazee wa familia nyingi za Merrylands, na mguu wake ukakatwa. Alitunukiwa Msalaba wa Victoria, akawa balozi, kisha Gavana wa New South Wales kuanzia 1966 hadi 1981. Mfuko wenye jina lake na la mkewe umeendesha huduma ya magari ya bure kwa wagonjwa, wazee na watu wenye ulemavu. Tazama tena wanakopelekwa: hospitali na kliniki. Hata wema, mara nyingi, husubiri mtu augue.

Uhuru wa kutoka nje bila kumwomba mtu hutegemea vipimo. Viwango vya Australia vya usafiri wa umma kwa watu wenye ulemavu, vilivyotolewa mwaka 2002 chini ya sheria ya 1992 dhidi ya ubaguzi, vinaeleza mwinamo wa ubao wa kupandia. Abiria anayejisukuma mwenyewe anahitaji mwinamo usiozidi 1 kwa 14: kila sentimita moja ya kimo inadai sentimita 14 za urefu. Ubao mfupi usiofika milimita 1,520 unaruhusiwa kufika 1 kwa 8. Akiwepo msaidizi, unaruhusiwa hadi 1 kwa 4, na hapo hata kijana mwenye mikono ya chuma hapandi peke yake. Tofauti ya 14 na 4 ni tofauti ya msafiri na mzigo.

Ndiyo maana treni za Sydney, pamoja na sifa zake, bado zinamweka mtu wa kiti mwendo katika hali ya kusubiri. Mfanyakazi wa kituo huleta ubao wa kubebeka, huuweka mlangoni, kisha huwaarifu wa kituo cha kushukia wawe tayari na wao. Kwa kawaida hufanya hivyo kwa moyo mwema. Ila abiria hawezi kubadili nia njiani na kushuka kituo kingine alipomwona rafiki.

Afrika Mashariki ina mfano wa kujifunza. Mabasi ya mwendokasi Dar es Salaam, yaliyoanza kazi Mei 2016, yalijengewa vituo ambavyo sakafu yake inalingana na sakafu ya basi. Msongamano wake unajulikana, na kiti mwendo hupata shida kupenya. Lakini wazo la msingi ni sahihi: jukwaa likilingana na sakafu, abiria anaingia kwa nguvu zake. Goma, mpakani na Rwanda, watu wenye ulemavu hawakusubiri jukwaa lolote. Kwa baiskeli kubwa za magurudumu matatu wamekuwa wakivusha bidhaa kwenda na kurudi Gisenyi, upande wa pili wa mpaka, na chombo hicho kimewapa njia ya kujipatia riziki.

Huko Australia, viwango vya 2002 viliagiza mabasi na vituo vitimize masharti ifikapo mwisho wa 2022. Treni zilipewa hadi mwisho wa 2032. Kijana wa Australia aliyezaliwa 1946 na kuitwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam atakuwa na miaka 86 mwaka huo.