Kidato, Daraja au Ngazi? Juu ya Istilahi za Kupanda katika Michezo ya Video

Miongoni mwa barua zifikazo mezani petu kuuliza juu ya istilahi, moja ilitoka Arusha, kwa vijana wanaotunga mchezo wa video kwa Kiswahili. Mchezo wao huanzia lango la Momella na kuishia kileleni mwa Mlima Meru, na njiani mchezaji hukabiliana na nyati, majambazi na baridi. Vijana hawa walikwisha kupata maneno ya takriban kila kitu, wakakwama katika dhana moja, ile ambayo wachezaji wa vibandani huiita "levo". Wao waliiita daraja. Walipowapa wanafunzi wa sekondari waujaribu mchezo, mmoja alisoma kiooni "Daraja la 1", akaiweka simu mezani na kuuliza kama mchezo umekwisha.

Kosa si la mwanafunzi. Katika mtihani wa kidato cha nne, daraja la kwanza ndilo la juu na la nne liko chini yake. Katika michezo hesabu huenda kinyume: mhusika huanza na 1, naye hupanda kwa kadiri tarakimu inavyokua. Desturi hiyo ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974, ulimpa mhusika alama za uzoefu kwa ushindi wake, na alama zilipotimia idadi iliyowekwa mhusika alipanda na kuongezewa nguvu. Michezo ya kompyuta iliurithi utaratibu huo karibu mzima mzima.

Ngazi nalo ni neno zuri, lakini limekwisha kushikwa na utawala, kama tusemavyo ngazi ya kata, ya wilaya na ya mkoa. Zaidi ya hayo, ngazi ni kitu kizima kinachoegemezwa ukutani, ilhali tunatafuta jina la pale mguu unapokanyaga. Kwa sababu hiyo tunapendekeza kidato. Asili yake ni lile pengo lichongwalo katika shina la mnazi ili mkwezi apate pa kutia mguu; shule za sekondari ziliazima neno hilo baadaye, nazo zikahesabu kutoka chini kwenda juu, kama itakiwavyo hapa. Twajua kuwa Arusha ni nchi ya migomba na kahawa, wala hakuna mkwezi wa minazi Ngarenaro. Twajua pia kwamba "kidato cha 40" kitawachekesha watu kwa muda. Watazoea.

Swali la pili la barua lilikuwa gumu zaidi, nalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Katika mchezo wa vijana hao, kila mchezaji apandapo kidato, majambazi nao hupanda. Mmoja wao aliuliza: je, ni haki kioo kiandike "Hongera, umepanda"?

Jambo hili halikuanzia Arusha. Katika The Elder Scrolls IV: Oblivion, mchezo wa mwaka 2006, maadui wengi waliongezeka nguvu sambamba na mchezaji, hata majambazi wa kawaida wa barabarani wakaonekana wamevaa deraya za thamani kubwa. Kabla yake, katika Final Fantasy VIII ya mwaka 1999, vidato vya maadui vilifuata vile vya kikosi cha mchezaji, na nguvu za wahusika zilitokana zaidi na sihiri walizoambatishiwa kuliko na kidato chenyewe. Basi wachezaji wajuzi walikwepa kupanda kwa makusudi. Mfano wake ni mtumishi aliyeongezewa mshahara mwezi ule ule bei ya sukari na nauli zilipopanda: karatasi yasema amepanda, kapu lake la sokoni lasema vingine.

Mlima wenyewe hauna tabia hiyo. Apandaye Meru hulala Miriakamba, kiasi cha mita 2,500, kisha Saddle, kiasi cha mita 3,570, ndipo ajaribu kilele cha mita 4,566. Kila kituo humpa kitu, maana mwili umeanza kuzoea hewa nyepesi, na kilele hakisogei juu kwa sababu yeye amesogea.

Hapana budi, basi, tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni utaratibu wa kuwapandisha maadui pamoja na mchezaji. Huu twapendekeza uitwe upandaji sambamba. Si ila, hutumiwa ili mchezaji aweze kwenda popote apendapo bila kukuta sehemu zilizokuwa ngumu zimegeuka mchezo wa watoto. La pili ni kidato ambacho hakimzidishii mchezaji uwezo mbele ya maadui wake, hakimfungulii njia, wala hakimpi silaha mpya. Hicho ni kidato kitupu. Upandaji sambamba waweza kuzaa vidato vitupu, lakini si lazima, kwani mtungaji anaweza kumpa mchezaji ufundi mpya hata kama adui ameongezeka nguvu.

Kijana mmoja alishauri rika, kwa kuwa miongoni mwa Waarusha, kama kwa Wamaasai, wanaume hutoka umorani kwenda uzeeni kwa kundi zima na si mmoja mmoja. Fikra hii ilituvutia sana. Tuliiacha kwa sababu rika linapovuka, wahusika hupata haki na wajibu mpya mbele ya jamii, na jambo la namna hiyo haliwezi kuitwa tupu.

Mtu atasema haya ni mambo ya watoto. Lakini ipo michezo ya simu iuzayo vidato kwa fedha, na mzazi ndiye alipaye. Akiwa na neno moja tu, "levo", hana njia ya kumwuliza mwanawe kile alichokinunua ni cha namna gani. Ndiyo maana tumewashauri vijana waandike "Umefika kidato cha 2", na chini yake wataje kile kilichopatikana. Pasipo kilichopatikana, neno hongera lisiandikwe.

Limebaki suala la kitenzi. Kwa aliyelipia kidato badala ya kukichezea, baadhi yetu wataka tuseme amepandishwa, si amepanda. Wengine waona tofauti hiyo ni ya wanasarufi tu. Twakaribisha maoni ya wasomaji, hasa walioko Arusha na Meru, kabla orodha haijapelekwa mbele ya kamati.