Jiwe la mwanga, pesa ya gundi

Muuza mawe anayeijua kazi yake huzima kwanza taa za dukani. Kisha huwasha tochi ya simu, akaiweka nyuma ya bamba la oniksi, na ile rangi ya asali iliyokuwa imelala ndani ya jiwe ikaamka, mishipa ikajichora mmoja mmoja. Mwenye hoteli aliyekuja kutafuta kaunta ya mapokezi keshanasa. Bei hutajwa baada ya hapo.

Siku hizi mara nyingi haliuzwi bamba zima. Marumaru ya milimita 20 ina uzito wa kilo 54 hivi kwa kila mita ya mraba, na kwa unene huo mawe mengi hayapitishi mwanga wa maana. Kwa hiyo kiwandani bamba hubandikwa kioo kwa gundi pande zote mbili, kisha msumeno hupita katikati yake. Hupatikana paneli mbili, kila moja ikiwa na ngozi ya jiwe juu ya kioo, nayo husagwa hadi ibaki milimita chache. Piga hesabu: milimita 5 za jiwe juu ya kioo cha milimita 8 ni kilo 33 na ushei. Tena, kwa kuwa ni pacha wa tumbo moja, michirizi ya paneli hizo huelekeana kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa. Wasanifu majengo wanaipenda sura hiyo, na wauzaji wanalijua hilo.

Ndiyo maana nasema biashara hii ni ya gundi kuliko ya jiwe. Oniksi huchimbwa Pakistan, Iran, Uturuki na Meksiko, na kwa asili ina nyufa. Anayekula faida ni yule mwenye gundi ya resini isiyogeuka njano, na anayeweza kukata bila kuvunja.

Mwanga kupita kwenye jiwe si jambo geni. Nyumba za kale za Sana'a, Yemen, zina madirisha ya alabasta. Mwaka 1963 maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ilizungushiwa marumaru ya Vermont yenye unene wa sentimita 3 hivi, ili vitabu adimu vipate mwanga bila kuchomwa na jua. Jumba la sanaa za maonyesho la Perelman, lililofunguliwa New York mwaka 2023, limetumia marumaru ya Ureno ya milimita 12, iliyobanwa katikati ya vioo.

Kwa nini ibanwe? Waulize wa Chicago. Jengo la Standard Oil, baadaye Amoco, lilivikwa marumaru ya Carrara miaka ya 1970. Marumaru ni kalsaiti. Ikipata joto, punje zake hutanuka upande mmoja na kusinyaa upande mwingine, na ikipoa hairudi sawasawa kama ilivyokuwa. Mabamba yalipinda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 yote, kama 43,000, yaling'olewa, yakawekwa matale. Bili ilipita dola milioni 80.

Ndani ya jengo hakuna jua la kupinda jiwe namna hiyo, ila kuna maudhi mengine. Taa za LED zikikaribia mno, jiwe huonyesha vidoadoa vya balbu badala ya mwanga uliotulia. Na kaunta ya baa ni mtihani wa peke yake: kipande cha limau kikisahaulika juu ya oniksi usiku kucha, asubuhi kimeacha doa lisilong'aa. Asidi imekula kalsaiti, na kitambaa hakiliondoi. Aitwe fundi wa kung'arisha, naye ana ngozi ya milimita chache tu ya kuchezea.

Ukiletewa mkataba wa ukuta wa namna hii, kabla ya kusaini omba uonyeshwe kwenye mchoro mlango wa kufikia taa. Taa hufa kabla ya jiwe, na paneli iliyogandishwa ukutani bila mlango hutoka kwa kuvunjwa.