Je, Wajua? Jua la Lodwar Huingia Hadi Ndani ya Mizani

Mizani nyingi za dijitali, ziwe za kupimia mbuzi Lodwar au unga Kakuma, hazina springi. Ndani yake mna kipande cha chuma au alumini kilichobandikwa streni geji, yaani utepe mwembamba wa metali uliokunjwakunjwa, ambao kwa macho ni vigumu kuamini kwamba unapima chochote. Mzigo ukikipinda kipande hicho kidogo tu, utepe hurefuka, ukinzani wake wa umeme hubadilika, na badiliko hilo ndilo linalosomwa kama kilo.

Shida ni kwamba joto nalo hurefusha metali. Mchana wa Lodwar hufika nyuzi 35 kivulini, na chuma kilichoachwa juani huwa moto zaidi. Chuma cha mita 1 kikipanda nyuzi 20 hurefuka takriban milimita 0.24. Ukitaka kukivuta kiasi hicho kwa nguvu, kila sentimita ya mraba ingedai karibu nusu tani! Geji peke yake haitofautishi jua na mzigo.

Dawa yake ni geji nne zilizounganishwa katika saketi iitwayo daraja la Wheatstone (ingawa aliyelibuni, mwaka 1833, ni Samuel Hunter Christie). Mzigo huvuta mbili na kubana mbili. Joto huzigusa zote sawasawa, hivyo athari yake hujifuta. Aloi ya geji nayo huchaguliwa ilingane na metali iliyobandikiwa.

Lakini upande mmoja ukiwa juani na mwingine kivulini, hesabu huvurugika. Weka mizani kivulini, ipe muda itulie, kisha irudishe sufuri kabla mbuzi hajapanda.