Liachie Tawi Jani Bichi

(Mazungumzo ya redio. Somo: Wakolosai 3:12–21)



Leo tutazame malezi ya watoto kwa mfano wa mti mdogo. Misonobari tunayoijua Kenya, ambayo wengi huiita paini, ni ile mirefu ya nyanda za juu inayopasuliwa mbao. Lakini Wajapani wana ufundi wa siku nyingi uitwao bonsai, yaani kuupanda mti katika chungu na kuutunza ubaki mfupi. Si mti wa mbegu nyingine. Ufupi wake ni kazi ya mikono ya mtunzaji.

Huko Washington, Marekani, uko msonobari wa namna hiyo ulioanza kutunzwa mwaka 1625. Ulikuwa mali ya jamaa ya Yamaki, mjini Hiroshima. Bomu la atomiki lilipoangushwa tarehe 6 Agosti 1945, mti huo uliokoka nyuma ya ukuta, na mwaka 1976 mzee Masaru Yamaki akautoa zawadi kwa Wamarekani. Je, mti hukatwaje kwa karne tatu na zaidi usife?

Mtunzaji hujua mahali pa kukomesha kisu. Mkaratusi au mjohoro ukikatwa hata ukabaki kisiki, huchipuka tena. Msonobari sivyo. Tawi lake likiondolewa majani yote, kwa kawaida halichipui tena, hukauka. Basi mtunzaji hupunguza machipukizi, lakini kila tawi huliachia majani mabichi.

Tena, akitaka kulipinda tawi hulizungushia waya, mara nyingi wa shaba. Hulikagua mara kwa mara, na kuutoa waya kabla haujazama katika gome. Na akibadili udongo, haachi mizizi ikawa mitupu. Hubakiza udongo kidogo wa zamani, kwa maana mna ukungu mweupe unaoisaidia mizizi kupata chakula.

Ndugu zangu, hapa Macalder tunayajua machimbo. Mvulana huacha shule akaenda kutafuta dhahabu mashimoni. Jioni hurudi na fedha mfukoni na jeuri mdomoni. Baba hukasirika, na ana sababu, kwa kuwa shimo likiporomoka halichagui mtoto wa nani. Mtoto huyo lazima aonywe. Mti usiokatwa kamwe hauwi bonsai.

Lakini baba akisema, “Wewe si mwanangu, usikanyage boma hili tena,” amekata mpaka pasipo na jani. Na Jumapili kijana akija kanisani, nasi tukasogea mbali naye kwenye benchi, tumeuondoa ule udongo wa zamani uliobaki mizizini. Asubuhi atakwenda wapi, ila kule shimoni wanakomwita ndugu?

Mtume Paulo aliwaamuru watoto wawatii wazazi wao. Hakuishia hapo, katika mstari unaofuata aliwageukia akina baba, akawaonya wasiwasumbue watoto hata wakavunjika moyo. Mistari hiyo miwili haitenganishwi. Anayeshika wa kwanza na kuuacha wa pili anashika kisu bila kulitazama tawi.

Basi, mzazi, mwonye mwanao. Mwambie wazi kwamba amekosa. Ukimpa adhabu, iwe na siku ya kwisha, kama waya unaotolewa kwa wakati wake. Lakini chakula chake cha jioni kiwekwe, na jina lake litajwe katika sala ya nyumbani akiwa anasikia. Hilo ndilo jani bichi. Kwa jani hilo Mungu anaweza kulichipusha tawi lote.

Tuombe. Ee Baba wa rehema, wewe unatuonya wala hututupi. Utupe mikono yenye uthabiti na mioyo yenye upole, na uwarudishe nyumbani watoto wetu walio mashimoni. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.