NG'OMBE HAZEEKI MAINI, JE LAPTOPU?

Jamani wasomaji, hivi mmewahi kuwasha kompyuta, mkatoka kwenda kuteka maji, mkarudi, mkakaanga mayai, mkala na kuosha sahani, halafu mkakuta kile kiduara bado kinazunguka tu? Kama hayajawakuta, basi mshukuruni Mungu. Mimi nimeishi hivyo mwaka mzima. Laptopu yangu ilikuwa inachukua dakika kumi na moja kuamka. Nilizihesabu kwa saa ya ukutani, sitanii.

Kazi yangu mimi ni kadi. Kadi za mchango, za harusi, za sendofu, za ubarikio, zote natengeneza chumbani kwangu Tabata. Laptopu ndiyo jembe langu. Niliinunua Kariakoo mwaka 2017, ikiwa tayari ni mtumba, Intel Core i5 ya kizazi cha tatu, yaani toleo la mwaka 2012. Piga hesabu mwenyewe. Kwa umri wa kompyuta huyo ni bibi kizee mwenye mkongojo.

Sasa kasheshe lenyewe. Ni mwishoni mwa Novemba 2025, msimu wa harusi za Desemba umepamba moto. Ijumaa usiku, kamati moja inasubiri kadi 250 za mchango ziende kuchapwa Jumamosi asubuhi. Saa nne usiku, mashine ikaganda. Mshale haupandi wala haushuki. Ndani nikasikia tik... tik... tik... kama mtu anagonga kucha mezani. Halafu kioo kikawa cheusi, na mimi nikawa mweusi zaidi.

Simu ikalia. Mwenyekiti wa kamati, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole ile inayotisha.

"Mwanangu, hizo kadi zipo, au tutafute mtu mwingine?"

"Zinakuja, mama. Shikamoo mama."

Uongo mtupu! Kesho yake nilijibanza kwenye stesheneri ya watu, nikaianza kadi upya kwa kumbukumbu za kichwani, nikaimaliza saa nane mchana. Hela niliyolipwa nusu iliishia palepale.

VIJISENTI VYA MCHEZO

Kinachouma zaidi ni kwamba wiki ileile ndiyo nilikuwa nimepokea mchezo. Tuko kumi, kila mmoja anatoa sh. 80,000 kwa mwezi, kwa hiyo nikakabidhiwa sh. 800,000 mkononi. Hela ile ilikuwa na jina lake tayari. Kuna fremu moja karibu na kituo cha daladala nilikuwa naimezea mate tangu Pasaka. Kodi sh. 90,000 kwa mwezi, na mwenye fremu hataki longolongo, anataka ya miezi sita kwa mpigo, yaani sh. 540,000. Nitoke chumbani, niweke bango, na mimi niitwe mwenye ofisi.

Shoga yangu mmoja, mtoto wa mjini kweli kweli, akaniangalia kwa huruma. "Wewe na hicho kimeo mpaka lini? Nunua mpya shosti, usijiaibishe." Kaka yangu wa Kiwalani naye akasema kitu kimeshazeeka kitaendelea kuzeeka tu, leo utatengeneza diski, kesho kioo, keshokutwa bawaba, mwisho wa siku umenunua laptopu mbili kwa bei ya ujinga. Nikiri kwamba maneno ya kaka yaliniingia. Maana ni kweli, kuna watu tunawajua wana gari ambalo limehamia gereji na wao wanatembea kwa miguu.

Basi Jumatatu nikajitosa Kariakoo, hela nimeificha ninapojua mwenyewe.

Duka la kwanza nikaonyeshwa mpya ya boksi, nyembamba kama sahani, inang'aa. Sh. 680,000. Roho ikaruka. Bahati nzuri nilikuwa nimeshafundishwa kusoma kile kikaratasi cha pembeni. Prosesa Celeron, RAM GB 4 iliyochomelewa moja kwa moja kwenye mazabodi, hifadhi GB 64 nayo imechomelewa humohumo. Sasa Windows 11 yenyewe tu masharti yake ya chini ni hifadhi ya GB 64 na RAM GB 4. Kwa hiyo ukishaiwasha, chumba kimejaa kabla hujaingiza hata kijiko chako. Huwezi kuongeza RAM, huwezi kubadili diski. Kwa mtu wa kuandika barua na kuangalia barua pepe inamtosha. Kwa mtu anayefungua picha za maharusi kumi kwa wakati mmoja, ni mpya ya kuzeeka wiki ya kwanza.

Duka la pili, mtumba wa Ulaya, kizazi cha nane, RAM GB 8, SSD ya GB 256. Sh. 620,000, mwisho kabisa. Hii ilikuwa mashine, sitaki kusema uongo. Lakini kijana wa duka aliponiambia betri yake "bado bikira", nikamwomba aiwashe. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika powercfg /batteryreport. Hiyo amri imo kwenye Windows yenyewe, haihitaji intaneti wala programu ya kununua. Inakutolea ripoti yenye namba mbili: betri ilipotoka kiwandani ilikuwa inabeba kiasi gani, na sasa hivi ikijaa inabeba kiasi gani. Ya kwanza ilisoma kama elfu hamsini, ya pili elfu ishirini na moja. Hata nusu haifiki! Nikamgeuzia kioo. Kijana akaanza kutafuta chaja ambayo hakuna aliyeiomba.

Ningeinunua ile, ningebaki na sh. 180,000, betri ya kubadilisha, na fremu ningeiona kwenye ndoto.

FUNDI ANAPIMA MGONJWA

Nikaenda kwa fundi, lakini kwa tahadhari. Mwaka 2021 niliwahi kuiacha mashine hii kwenye kibanda kimoja, nikaambiwa nije kesho. Nikaja kesho. Iliondoka na RAM GB 4, ikarudi na GB 2. Nikaingizwa mjini mchana kweupe. Tangu siku hiyo laptopu yangu haifunguliwi bila mimi kukaa pale kwenye kigoda, na kabla ya bisibisi kugusa kitu napiga picha kila kilichomo ndani pamoja na namba zake.

Huyu fundi wa sasa ni kijana mpole, haongei sana. Kabla ya yote akaniuliza, "Dada, una nakala ya vitu vyako?" Sina. Humo mna kadi zangu zote za miaka minane, na picha za marehemu baba ambazo haziko popote pengine. Akaichomoa diski, akaiunga kwenye kompyuta yake na kuipima kwa programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Rangi ya njano. Maana yake diski imeanza kuwa na sehemu zilizokufa. Akasema tusiiwashe-washe, tuhamishe kwanza. Kazi ile ilichukua mpaka magharibi. Picha za baba zilitoka zote. Kadi za mwaka 2019 kadhaa zilikataa, na nilizisindikiza kwa macho.

Kisha akafanya kitu kilichonifungua akili. Aliiwasha laptopu bila diski kabisa, kwa kutumia flashi yenye Linux Mint. Ikawaka! Ikafungua vitu, nikacheza nayo saa nzima, haikuganda hata mara moja. "Umeona?" akasema. "Mgonjwa ni diski. Mazabodi ni nzima."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba swali letu sote lilikuwa limekaa vibaya. Mimi, shoga yangu na kaka yangu tulikuwa tunauliza laptopu ina miaka mingapi. Fundi alikuwa anauliza kimekufa nini. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka na kisindano kinachosoma, kwa hiyo inachoka kama kitu chochote chenye kuzunguka. Betri inachoka. Feni inajaa vumbi, mashine inapata joto, inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Hivi vyote kwenye laptopu kama yangu vinabadilishika. Mazabodi ikiungua, au prosesa ikishindwa kazi unayoifanya, hapo ndiyo unazika.

Akanipigia bei: SSD ya GB 256, sh. 70,000. RAM GB 8, ya DDR3 maana DDR4 haiingii kwenye mashine za rika lake, sh. 45,000. Betri sh. 85,000. Kusafisha feni na kupaka dawa mpya ya kupoza prosesa, sh. 15,000. Ufundi sh. 20,000. Jumla sh. 235,000. Yeye ana kipimo chake: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya mashine nyingine utakayoitumia kwa kazi ileile, anakwambia usimpe hela yako. Ya kwangu haikufika nusu ya zile 620,000. Na pale kwenye kigoda nikapiga hesabu nyingine ya kimyakimya: 235,000 jumlisha 540,000 za fremu, inabaki sh. 25,000. Ya nauli na rimu ya karatasi.

Lakini hakunificha ubaya. Windows 10 ililetewa matengenezo ya usalama ya bure kwa wote mpaka Oktoba 14, 2025, basi. Haikuzimika, inafanya kazi kama kawaida, ila milango yake haikarabatiwi tena. Waliojiandikisha waliongezewa muda mpaka Oktoba 13, 2026. Windows 11 nayo inadai kitu kinaitwa TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka kwa kawaida kuanzia kizazi cha nane. Bibi kizee wangu wa kizazi cha tatu hawezi kupita pale kwa njia halali.

Tukapatana hivi: SSD igawanywe mara mbili. Upande mmoja Windows 10 kwa ajili ya programu yangu ya kadi, na huko intaneti haiingii. Upande wa pili Linux Mint, ya bure kabisa, kwa barua pepe na kupokea kazi za wateja. Wiki ya kwanza niliichukia, kila kitu kimehama mahali pake. Sasa nimeizoea kama viatu.

Na kasi? Jamani! Nabonyeza kitufe, kabla sijamaliza kufunga kitenge vizuri iko tayari inaniangalia. Usiku wa kwanza niliizima na kuiwasha mara nne bila sababu.

Ndiyo, bawaba ya kushoto inalia kama mlango wa kuku. Kioo kina doa. Na mtu anayefanya kazi ya kuhariri video ndefu asije akanisikiliza mimi akaenda kufufua kitu cha mwaka 2012, atalia. Kwa kadi zangu inatosha.

Kadi za ile kamati ya Desemba nilizimaliza zote, pamoja na za ukumbini, nikiwa nimeshahamia ndani ya fremu. Yule mama mwenyekiti alikuja mwenyewe kuzichukua, akaitazama laptopu juu mpaka chini, akauliza, "Ndiyo hii?" Nikamjibu, "Ndiyo hii, mama."

Siku naondoka kwa fundi alinipa risiti, akanipa na diski yangu ya zamani kwenye mfuko wa plastiki, kisha akasema, "Dada, siku mazabodi ikifa usinipigie mimi. Mpigie mtunza hela wa mchezo."

Nimeshajiandikisha tena. Safari hii nimeomba namba ya mwisho.