Injini ya Boti Haifi kwa Uzee

Yeyote aliyepata kusafiri kwa boti ya mashine anajua namna moyo unavyoshtuka injini inapozimika ghafla, huku mwamba uko karibu na upepo unasukumia huko huko. Hali hiyo iliwakuta wavuvi wanane wa ushirika mmoja mdogo wa pwani yetu, ambao mwandishi wa makala haya anawafahamu vema. Usiku kucha walikesha juu ya kamba ya nanga, wakiomba isikatike. Alfajiri walivutwa na ngalawa hadi ufukweni.

Injini yao ni ya dizeli, yenye silinda mbili, na umri wake wapita umri wa baadhi ya mabaharia wake. Ilikuwa ikiwaka vizuri, ikienda kwa robo saa hivi, kisha ikififia na kuzima. Fundi wa kwanza aliyeitwa hakuuliza neno. Alifungua kichwa cha silinda, akabadili ringi za pistoni, akawanunulisha nozeli mbili mpya. Akiba ya msimu mzima ikateketea, na injini ikaendelea kuzima baada ya robo saa ile ile. Hapo shauri likakatwa kwamba ing'olewe na kuuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Kabla haijang'olewa akaletwa mzee mmoja aliyezoea mashine za majahazi tangu ujana wake. Mzee huyo hakushika spana. Aliketi ukingoni mwa boti, akauliza: “Wanangu, inazima ghafla kama taa, au inafifia kwanza? Moshi wake una rangi gani? Na kabla ya ugonjwa huu kuanza, mligusa nini?” Wakamjibu: “Mzee, inafifia kwanza. Moshi ni wa kawaida. Tulichogusa ni tangi la mafuta tu. Tulilisogeza mbele kupata nafasi ya samaki.”

Akaomba debe safi la dizeli, akaliweka juu ya injini, akaliunganisha kwa mpira mpya moja kwa moja kwenye pampu, kisha akatoa hewa yote iliyokuwamo katika mabomba. Injini ikawaka, ikaenda saa nzima bila kusita. “Basi,” akasema, “mgonjwa si injini. Ugonjwa umo baina ya injini na tangi.” Ukatafutwa, ukaonekana: mpira wa mafuta ulikuwa na ufa mwembamba pale ulipokunjwa siku tangi liliposogezwa. Dizeli haikuvuja nje, kwa sababu mahali hapo pampu huvuta. Badala ya mafuta kutoka, hewa iliingia kidogo kidogo. Kipande cha mpira na vibano viwili vikaokoa chombo kinacholisha nyumba nane.

Ndugu msomaji, kisa hiki kina funzo kwa kila afanyaye kazi na mashine. Kufungua injini si kuichunguza. Uchunguzi huanza kwa maswali, huendelea kwa majaribio yasiyogharimu kitu, na spana huja mwisho.

Injini ya dizeli haina plagi ya kuwashia moto. Hewa iliyomo ndani ya silinda hugandamizwa mpaka ikapata joto lipitalo digrii 500 za Selsiasi, ndipo mafuta yanyunyizwapo na nozeli huwaka yenyewe. Hivyo ndivyo alivyobuni Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani, ambaye injini yake ilifanya kazi kwa mafanikio mjini Augsburg mwaka 1897. Kwa hiyo injini isiyowaka imekosa moja ya mambo haya: hewa safi, mafuta safi yanayofika kwa wakati wake, au mgandamizo wa kutosha. Anayeyakumbuka hayo hawezi kupotea mbali.

Moshi nao ni shahidi mwaminifu. Injini ikizungushwa na bomba lisitoe moshi wowote, yaelekea mafuta hayafiki katika silinda. Moshi mweusi waonyesha mafuta yamezidi hewa: huenda chujio la hewa limeziba, au injini imeelemewa, labda kwa kamba iliyojisokota katika propela. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua, na hapo ringi na valvu hushukiwa kwa haki. Moshi mweupe usiokoma huwa ni dizeli isiyoungua, kwa sababu ya mgandamizo hafifu au nozeli mbovu. Au pengine ni mvuke wa maji yaliyoingia pasipostahili.

Maji yanayopoza injini yahitaji jicho la kila siku. Kama injini yako hutoa maji yake pamoja na moshi, yatazame kila uwashapo. Yakikatika, zima mara moja. Angalia kwanza chujio la maji ya bahari, kwani mwani na mfuko wa plastiki huziba. Kisha fungua pampu uone gurudumu lake la mpira. Bawa lake likiwa limekatika, kubadili gurudumu hakutoshi. Kipande kilichokatika kitafutwe ndani ya bomba mpaka kionekane, maana kitaziba tena.

Kadhalika vuta kijiti cha oili. Oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa imechanganyika na maji, na kuiendesha injini katika hali hiyo ni kuzisaga beringi zake. Injini iliyokwama kwa kutu nayo isilazimishwe kwa stata. Toa nozeli, mimina oili nyepesi ndani ya silinda, ngoja siku kadhaa, kisha zungusha kwa mkono taratibu, mbele na nyuma. Maji hayagandamiziki kama hewa. Yakiwa yamejaa juu ya pistoni, stata yaweza kupinda mkono wa pistoni mara moja. Tena usiweke kidole mbele ya nozeli inayonyunyiza: nguvu yake hupenya ngozi, na aliyepenywa apelekwe hospitali upesi, hata kama tundu ni dogo kama la sindano.

Atakayesema kwamba mtambo wa kale hauna faida, na akumbuke meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Goetzen, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Lakini mafundi wao walizipaka injini zake za mvuke grisi nzito kwanza. Ilipoibuliwa mwaka 1924, mitambo ile ilikutwa ingali ya kufaa, na mwaka 1927 meli ikaanza kazi kwa jina lake jipya. Injini hizo zilitumika mpaka miaka ya 1970, zilipowekwa za dizeli. Ni kweli kwamba maji ya ziwa hayana chumvi ya bahari, na injini ya dizeli iliyozama baharini yataka kusafishwa kwa maji baridi na kujazwa mafuta siku ile ile inapoibuliwa. Lakini kilichookoa mitambo ya Liemba hasa ni kazi ya mafundi waliojali, hata walipokuwa wakiiaga.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wavuvi wetu wale sasa wana daftari. Kila siku huandikwa humo saa injini ilizofanya kazi, oili iliyoongezwa, chujio lililobadilishwa, na lolote lililoguswa. Huandika kwa zamu, kijana na mzee, ili fundi ajaye asije akaanza gizani. Chama chochote cha ushirika chenye boti, trekta au mashine ya kusaga kingefanya vema kununua daftari kama hilo kabla ya kununua spana nyingine. Bei yake ni ndogo, na usiku mmoja juu ya kamba ya nanga ni mrefu mno.